Skrini imefungwa kwa ujumbe wa "polisi" unaodai faini: je, mafaili yangu bado yapo?

Mama Happy, Nkuhungu (Jumatatu, saa 3:40 usiku)

Ndugu zangu wa jukwaa, naombeni msaada wenu, na mnisamehe nikieleza kwa urefu, kwa sababu sijui kipi katika haya ndicho cha muhimu.

Tuna kompyuta moja ya mezani hapa nyumbani, HP ya zamani yenye Windows 10, ambayo familia nzima tunaitumia. Jana jioni kijana wangu wa kidato cha tatu alikuwa akitafuta programu ya kuifungulia Office bila kuilipia. Akapakua kitu kutoka kwenye tovuti asiyoikumbuka, akazima antivairasi kama maelekezo ya tovuti hiyo yalivyomtaka, akakubali kila alichoulizwa, kisha akakibofya. Anasema hakuna kilichotokea. Leo asubuhi nilipoiwasha, kabla alama za programu hazijajitokeza, skrini nzima ilifunikwa na ukurasa wa bluu iliyokolea wenye nembo ya polisi wa nchi ya nje, na maandishi ya Kiingereza yanayosema kwamba kompyuta hii imekutwa ikitazama picha chafu na kusambaza kazi za watu bila kibali, hivyo imefungwa kwa amri ya sheria. Chini yake kuna saa inayohesabu kurudi nyuma kuanzia saa 48, na visanduku viwili vya kuandikia namba za vocha ya malipo ya dola 200. Kipanya kinasogea, lakini hakuna pa kubofya zaidi ya visanduku hivyo. Nimezima na kuwasha mara nne, na kila mara ukurasa unarudi na hesabu ya saa inaendelea pale ilipofikia.

Faini yenyewe sijaifikiria sana. Kinachoninyima usingizi ni kwamba mimi ndiye mweka hazina wa VICOBA yetu ya wanachama 30, na hesabu za hisa na mikopo za miaka mitatu zimo humo. Daftari la mkono lipo, ila limeishia mwezi wa sita, na Jumamosi hii tunakutana. Fundi mmoja wa jirani na soko ameniambia kwa simu kwamba dawa ni kupiga Windows upya, yaani kufuta diski na kuisakinisha tena, kwa shilingi 25,000, na kwamba kuhusu mafaili hawezi kuniahidi chochote.

Naomba kujua: hawa ni polisi kweli? Mafaili yangu bado ni mazima, au yameshaharibiwa kama yale ya hospitali na makampuni tunayoyasikia kwenye habari? Na kama itabidi nimpelekee fundi, nimwambie nini kabla hajaigusa?

Fundi Ilazo (Jumatatu, saa 4:25 usiku)

Mama Happy, shikamoo. Usilipe, na usimruhusu mtu yeyote kupiga Windows mpaka tujue kilichofungwa ni nini. Nimefanya kazi hii hapa Dodoma kwa muda, na kwa niliyoyaona mwenyewe, watu waliopoteza hesabu na picha zao kwa sababu ya fundi aliyefuta diski haraka ni wengi kuliko waliozipoteza kwa kirusi cha namna hii. Kirusi kilikuwa kimefunga mlango tu. Fundi akaja akabomoa nyumba.

Vitu vinavyodai fedha kwenye skrini vinafanana kwa sura, lakini kwa undani ni vitatu tofauti kabisa, na kila kimoja kina tiba yake.

Cha kwanza ni ukurasa wa intaneti tu, uliojitanua ukajaza skrini ndani ya kivinjari. Huo haujaingia kwenye kompyuta hata kidogo. Ukishikilia kitufe cha Esc kwa sekunde chache, au ukibonyeza F11, au Alt na F4 kwa pamoja, mara nyingi unaondoka; la muhimu ni kwamba ukifungua tena kivinjari na kikakuuliza kama unataka kurudisha kurasa zilizokuwa wazi, ukatae.

Cha pili ni kifunga skrini chenyewe. Hiki kimeingia, kimejiandikisha miongoni mwa programu zinazoanza pamoja na Windows, na kazi yake ni kufunika kila kitu kwa dirisha lisilofungika. Kundi hili lilivuma sana mwaka 2012 kwa jina la Reveton. Lilikuwa likiangalia kompyuta iko nchi gani kisha linavaa nembo ya polisi wa huko: Marekani lilijifanya FBI, Uingereza lilijifanya polisi wa London, na malipo lilidai kwa namba za vocha kama Ukash, Paysafecard na MoneyPak, kwa sababu fedha ya vocha ni vigumu kuifuatilia. Ukurasa wako unafanana sana na ukoo huo. Hapa mafaili kwa kawaida hayajaguswa. Yako palepale chini ya pazia.

Cha tatu ndicho kile cha kwenye habari. Chenyewe hakina haja ya kufunga skrini, kwa sababu kimeshayasimba mafaili, yaani yaliyomo yamegeuzwa fumbo lisilofumbuka bila ufunguo walio nao wao. CryptoLocker ya mwaka 2013 ilikuwa hivyo, na WannaCry iliyolipuka tarehe 12 Mei 2017 ikadai dola 300 kwa bitikoini ilikuwa hivyo pia. Dalili yake kubwa ni kwamba majina ya mafaili yameongezewa herufi ngeni mwishoni, na kila folda imewekewa barua ya madai.

Ili tujue lako ni lipi, naomba unifanyie mambo matatu leo au kesho, na usifanye zaidi ya hapo. Chomoa waya wa intaneti au zima ruta, kisha washa na unieleze kama ukurasa bado unatokea. Angalia kwa makini unatokea lini: kabla ya nembo ya Windows, au baada yake. Halafu, ukurasa ukiwa mbele yako, bonyeza Ctrl, Alt na Delete kwa pamoja, uniambie unachokiona. Piga picha ya skrini kwa simu, na ile flashi yenye nakala ya hesabu, kama ipo, usiichomeke humo kwa sasa.

Msafiri wa Bahi (Jumatatu, saa 4:50 usiku)

Kwa heshima zote Fundi, mimi nina maoni tofauti. Kompyuta ikishaingiliwa, huwezi kuiamini tena, hata ukiondoa unachokiona, kwa kuwa hujui kilichobaki nyuma. Mimi ningefuta kila kitu na kuanza upya, maana usafi wa kweli ni huo.

Fundi Ilazo (Jumatatu, saa 5:05 usiku)

Ndugu Msafiri, hilo la kutoiamini uko sahihi nalo, na mwishoni huenda nikamshauri hivyohivyo. Tunachotofautiana ni utaratibu. Mafaili yatoke kwanza, yafunguliwe kwenye kompyuta nyingine na kuonekana ni mazima, ndipo mtu aruhusiwe kugusa diski.

Mama Happy, Nkuhungu (Jumanne, saa 1:15 usiku)

Marahaba, Fundi, na nashukuru sana. Nimefanya kama ulivyoelekeza. Bila intaneti ukurasa umetokea vilevile, ila nembo ya katikati imekuwa kisanduku cheupe chenye alama ya X, kana kwamba picha imekosekana. Unatokea baada ya nembo ya Windows na neno la kukaribisha, pale ambapo alama za programu zingetakiwa kuja. Nilipobonyeza Ctrl, Alt na Delete, pazia la bluu la Windows lilikuja lenye mistari kadhaa ya kuchagua. Nikachagua Task Manager, dirisha lake likamulika kama sekunde moja, kisha ule ukurasa ukaja juu yake na kulifunika.

Kuna jambo moja limenitia hofu. Kijana anasema nembo ikikosekana maana yake polisi wameondoa ushahidi. Nimemwambia anyamaze.

Fundi Ilazo (Jumanne, saa 3:00 usiku)

Mama, hicho kisanduku cheupe ni habari njema. Kinaonyesha kwamba nembo yenyewe ilikuwa ikivutwa kutoka kwenye intaneti kama picha ya kawaida ya tovuti, na dirisha tu ndilo linakaa ndani ya kompyuta yako. Ni kifunga skrini cha aina ya pili. Na lile pazia la bluu la Ctrl, Alt na Delete ni la Windows yenyewe, programu za kawaida haziwezi kujichora juu yake, kwa hiyo huo ndio mlango wetu wa kuingilia.

Ila bado sijathibitisha kwamba mafaili ni mazima, na kuna virusi vinavyofunga skrini na kusimba mafaili kwa wakati mmoja, kwa hiyo tuyaone kwa macho kwanza. Njia ninayoiamini ni kuiwasha kompyuta kwa mfumo mwingine kabisa ulio kwenye flashi, ili Windows iliyoambukizwa ibaki imelala. Mimi hutumia Linux Mint. Kuipakua kunakula karibu GB 3 za bando, na flashi ya GB 8 inatosha. Inaandaliwa kwenye kompyuta nyingine salama kwa programu ya bure iitwayo Rufus. Angalizo: Rufus inafuta kila kilichomo kwenye flashi hiyo, kwa hiyo isiwe ile yenye hesabu zako. Kama huna mtu wa karibu wa kukuandalia, nijulishe nikuachie moja pale stendi ya Jamatini.

Ukishaipata, ichomeke kompyuta ikiwa imezimwa, washa huku ukigonga kitufe cha F9 mfululizo, kwa kuwa ni HP. Wenye Dell na Lenovo hutumia F12. Orodha itatokea, chagua flashi. Baada ya muda utaona meza ya kijani au nyeusi ya Mint ikiwa na alama ya kusakinisha Linux Mint: hiyo usiiguse kabisa, ndiyo pekee inayoweza kukuharibia. Fungua diski ya Windows, ingia kwenye folda ya watumiaji, halafu jina lako, halafu nyaraka. Fungua faili la VICOBA, usome namba. Likifunguka na jina lake halijaongezewa mkia wowote, shukuru Mungu, mafaili yako ni mazima. Mfumo huu unaweza kukataa kuandika chochote kwenye diski ya Windows kwa sababu haikuzimwa kikamilifu, lakini sisi tunataka kusoma na kunakili tu. Kama utaombwa ufunguo wa namba 48, maana yake diski inalindwa na BitLocker, na ufunguo huo hupatikana kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye kompyuta. Kwa mashine ya umri huo sitarajii.

Nakili hati, majedwali na picha kwenye flashi ya pili. Usinakili programu yoyote, hasa faili linaloishia na exe au scr, hata kama jina lake unalifahamu.

Sasa kuondoa. Toa flashi zote, washa kawaida mpaka ukurasa utokee, bonyeza Ctrl, Alt na Delete, kisha kwenye kona ya chini kulia kuna alama ya kuzimia. Shikilia Shift, bofya alama hiyo, chagua "Restart" bila kuachia Shift. Utaletewa menyu ya bluu: chagua "Troubleshoot", kisha "Advanced options", kisha "Startup Settings", kisha "Restart". Ikishajiwasha itakupa orodha ya namba. Bonyeza 6, ambayo ni hali salama yenye dirisha jeusi la amri. Naichagua 6 badala ya 4 kwa makusudi. Katika hali salama ya kawaida, Windows huita programu ya mezani kwa kusoma mstari uleule ambao virusi hivi hupenda kuuchezea, na pazia linaweza kurudi. Katika namba 6 mstari huo hausomwi.

Kwenye dirisha jeusi andika regedit, chombo cha kuhariri daftari la mipangilio ya Windows, bonyeza Enter. Fuata njia hii upande wa kushoto, folda moja baada ya nyingine: HKEY_LOCAL_MACHINE, SOFTWARE, Microsoft, Windows NT, CurrentVersion, Winlogon. Kabla ya kubadilisha kitu, bofya "File" halafu "Export", uhifadhi nakala ya sehemu hiyo. Kisha tazama upande wa kulia mstari ulioandikwa Shell. Thamani yake inapaswa kuwa explorer.exe, ndiyo ile programu ya mezani, na hakuna neno lingine. Ukikuta kuna mkato na njia ndefu baada yake, au explorer.exe haipo kabisa, umemkamata. Andika ile njia ndefu kwenye karatasi, herufi kwa herufi, halafu urekebishe mstari ubaki explorer.exe. Tazama pia mstari wa Userinit: unatakiwa kuwa C:\Windows\system32\userinit.exe ukifuatwa na mkato mmoja, basi. Kama mistari yote miwili ni safi, usibadilishe kitu, uniandikie hapa, kwa sababu kuna sehemu nyingine za kujificha na sitaki ubahatishe humo. Regedit haina msamaha.

Nitaendelea na hatua ya mwisho ukishafika hapo.

Mwalimu Mstaafu, Kongwa (Jumanne, saa 3:45 usiku)

Fundi ameeleza vizuri, nami niongeze kuhusu swali la kwanza la Mama Happy, ambalo halijajibiwa kikamilifu, maana watu hulipa kwa aibu na hofu kuliko kwa kuamini.

Polisi wa nchi yoyote hafungi kompyuta ya mtu na kumtoza faini kwa namba za vocha. Hapa kwetu malipo ya serikali hupitia mfumo wa GePG, unapewa namba ya kumbukumbu ya malipo na risiti inatoka. Anayedai faini ya serikali nje ya utaratibu huo, kwa vocha au kwa bitikoini au kwa namba binafsi ya simu, ni tapeli. Kwa upande wa sheria wewe ndiye uliyekosewa: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inalifanya kosa tendo la kuingilia mfumo wa kompyuta wa mtu bila idhini. Picha uliyopiga kwa simu ipeleke kituo cha polisi pamoja na maelezo ya kijana, na taarifa unaweza kuifikisha pia TZ-CERT, kitengo kilicho chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kinachoshughulikia matukio ya usalama wa mtandao.

Tena ujanja huu ni mkongwe. Mwaka 1989 zilitumwa kwa posta disketi zipatazo 20,000, nyingi kwa watu waliokuwa wamehudhuria mkutano wa Shirika la Afya Duniani kuhusu UKIMWI, zikijidai zina maelezo ya ugonjwa huo. Kompyuta ikishawashwa kama mara 90, mafaili yalionekana yamepotea na ujumbe ukadai dola 189 zitumwe kwenye sanduku la posta la Panama. Wataalamu walipochunguza walikuta yaliyomo ndani ya mafaili hayakuguswa, ni majina yake tu ndiyo yaliyovurugwa, na programu ya kuyarudisha ikatolewa. Kwa hiyo waliokimbilia kufuta diski zao wakati ule walifuta kazi ambayo ilikuwa nzima.

Kijana wa Manyoni (Jumatano, saa 2:10 asubuhi)

Shikamoo Mwalimu, shikamooni wakubwa wote. Naomba nijipenyeze hapahapa. Mimi skrini yangu haijafungwa, lakini picha na hati zangu zote zimeongezewa herufi nne mwishoni na hazifunguki. Kila folda ina faili la maandishi liitwalo _readme.txt linalodai dola 980, na linasema nikilipa ndani ya saa 72 itakuwa 490. Nami pia nilikuwa nimepakua programu ya bure ambayo si ya bure. Je, njia ya Fundi itanisaidia?

Binti Chamwino (Jumatano, saa 4:30 asubuhi)

Marahaba kaka. Kwa masikitiko, njia hiyo itaondoa kirusi lakini haitafungua mafaili, kwa sababu lako ni lile la aina ya tatu. Jina la barua na kiasi hicho cha fedha ni saini ya ukoo uitwao STOP, au Djvu, unaowalenga zaidi watu wa majumbani na kusafiri ndani ya programu zilizoibiwa.

Usiyafute mafaili yaliyosimbwa, na barua ile itunze. Ingia kwenye tovuti ya nomoreransom.org, mradi ulioanzishwa Julai 2016 na Europol, polisi wa Uholanzi na kampuni za usalama wa kompyuta. Utapakia mafaili mawili yaliyosimbwa pamoja na barua, na utaambiwa kama kuna kifunguzi cha bure. Kwa STOP kipo cha kampuni ya Emsisoft, lakini hakifungui kila toleo. Kirusi hiki kinapofanya kazi hutafuta seva ya wenyewe ili kipewe ufunguo wa peke yake kwa kila kompyuta. Kikikosa mtandao, hutumia ufunguo wa akiba uliomo ndani yake, unaofanana kwa wote waliopatwa na toleo lile. Angalia mwishoni mwa barua kuna namba ya utambulisho: ikiishia na t1, ulisimbwa kwa ufunguo wa akiba, na kuna tumaini kwamba umeshapatikana au utapatikana siku moja. Isipoishia hivyo, na toleo likawa la baada ya Agosti 2019, sitakudanganya, tunza mafaili kwenye diski ya pembeni na usimlipe mtu anayejitangaza mtandaoni kwamba anafungua yote.

Jambo moja zaidi: ukoo huu husimba sehemu ya mwanzo tu ya kila faili, kama KB 150. Picha na hati zitakuwa zimeharibika, lakini video ndefu wakati mwingine hurekebishika kwa programu za kutengeneza video. Na badilisha maneno yako yote ya siri kupitia simu au kompyuta nyingine, kwa sababu STOP mara nyingi ilikuja na kirusi mwenzake cha kuiba maneno ya siri.

Mama Happy, Nkuhungu (Alhamisi, saa 2:20 usiku)

Nawaandikia nikiwa kwenye kompyuta ya mpwa wangu anayesoma UDOM, ambaye ndiye aliyeniandalia flashi ya Mint.

Faili la VICOBA limefunguka. Nilisoma mstari wa mwisho, marejesho ya mama mmoja ya shilingi 40,000 niliyoyaandika Jumamosi ya wiki iliyopita, nikakaa kimya kwanza. Tumenakili hati zote na picha, tukazifungua moja moja hapa, na zote ni nzima.

Kisha tukaingia kwa namba 6. Kwenye Shell palikuwa na explorer.exe, halafu mkato, halafu njia inayopita AppData na Roaming na kuishia kwenye jina la herufi tisa zisizosomeka kama neno lolote, likifuatwa na exe. Userinit ilikuwa safi. Tumehifadhi nakala kama ulivyosema, tukarekebisha, tukawasha kawaida. Hakuna ukurasa. Sijafungua intaneti bado, na hilo faili la herufi tisa sijaligusa. Nifanye nini sasa, Fundi? Na je, nilikuwa hatarini nilipokuwa nikiingia benki kupitia kompyuta hii mwezi uliopita?

Fundi Ilazo (Alhamisi, saa 3:10 usiku)

Hongera sana mama, sehemu ngumu imekwisha.

Fungua folda, kwenye "View" weka alama ya kuonyesha vitu vilivyofichwa, fuata ile njia uliyoiandika, na ufute faili hilo la herufi tisa pamoja na alichokipakua kijana kwenye folda ya vipakuliwa. Rudisha antivairasi ya Windows iliyozimwa. Unganisha intaneti kwa muda wa kuipa antivairasi maarifa mapya, kisha kwenye "Scan options" chagua Microsoft Defender Offline. Kompyuta itajizima na kufanya ukaguzi kabla Windows haijaamka, kwa kama dakika 15, wakati ambapo kirusi hakina nafasi ya kujificha. Ikimaliza, fanya ukaguzi kamili wa kawaida, huo uache usiku kucha.

Kuhusu benki, mwezi uliopita kirusi hiki kilikuwa hakijaingia, kwa maelezo uliyotoa. Lakini badilisha maneno ya siri ya barua pepe na benki leo, kwa kutumia simu, kwa sababu FBI waliwahi kuonya mwaka 2012 kwamba Reveton ilikuwa ikiletwa na Citadel, kirusi cha kuiba taarifa za benki kinachobaki kikifanya kazi hata baada ya pazia kuondoka.

Na hapa ndipo ninapokubaliana na ndugu Msafiri wa Bahi. Mafaili yakiwa yameshatoka, na kwa kuwa Windows 10 imeacha kupewa matengenezo ya kawaida tangu tarehe 14 Oktoba 2025, sasa fundi anaweza kupiga Windows upya bila hofu, au mkahamia Mint moja kwa moja kama mashine haikidhi vigezo vya Windows 11. Baada ya hapo, akaunti ya kijana iwe ya mtumiaji wa kawaida, isiwe ya msimamizi. Kirusi hiki kiliweza kuandika kwenye ule mstari wa Shell kwa sababu tu kilipewa ruhusa ya msimamizi alipobofya "Yes". Na kazi za Office anazozitaka zinafanyika kwenye LibreOffice, ambayo ni bure kwa haki.

Mama Happy, Nkuhungu (Ijumaa, saa 12:45 jioni)

Ukaguzi wa kwanza ulikuta kitu kimoja zaidi kwenye folda ya muda, umekiondoa, na wa pili haukukuta kitu. Maneno ya siri nimebadilisha. Fundi wa sokoni anakuja Jumapili, nami nimemwonyesha maandishi yenu kwa simu, akayasoma na kukubali kuanza kwa kuhakiki nakala pamoja nami.

Hesabu zimechapwa kurasa 14 kwa ajili ya kikao cha kesho. Flashi moja ya nakala inabaki kwangu, ya pili nimemkabidhi katibu wetu pale Chang'ombe, na tumekubaliana kila mwisho wa mwezi tuzibadilishane.